Mzee, Ng'ombe na Nishani: Uzee na Umaskini katika Historia ya Ugogo

Utangulizi

Miongoni mwa vitabu vilivyokwisha kutumika, ambavyo hupita mikono mingi kabla ya kufika katika rafu ya mwanafunzi wa theolojia, imo riwaya moja ya Ferdinand Oyono wa Kameruni. Iliitwa Le Vieux Nègre et la Médaille ilipotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, na kwa Kiswahili jina lake lingeweza kuwa "Mzee na Nishani". Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyotolewa London katika miaka ya 1960, ilienea sana katika shule na vyuo vya Afrika. Nakala nyingi zilizosalia ni za mkono wa pili au wa tatu, zenye majalada yaliyochakaa na majina ya wasomaji waliotangulia.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mzee Meka ameitoa ardhi yake kwa misheni. Wanawe wawili wamekufa vitani wakiipigania Ufaransa. Serikali ya kikoloni inaamua kumshukuru kwa kumvika nishani mbele ya watu, sikukuu ya tarehe 14 Julai. Usiku wa siku hiyo hiyo nishani inapotea katika mvua ya dhoruba, naye Meka anakamatwa na polisi katika mitaa ya Wazungu kama mhalifu, maana hana kitu cha kuonyesha kwamba yeye ndiye yule aliyeheshimiwa asubuhi.

Msomaji mchungaji huiweka riwaya hiyo chini akiwa na swali ambalo si la Kameruni peke yake. Tunapomkuta mzee maskini, twamkuta mwishoni mwa safari yake. Twaona godoro lililochakaa na sufuria tupu, kisha twadhani kwamba uzee na umaskini ni ndugu wa kuzaliwa pamoja. Oyono alimfuata mzee wake nyuma, akauliza: ardhi ilikwenda wapi, na wana walikwenda wapi? Makala hii yakusudia kuuliza maswali hayo hayo juu ya wazee wa Ugogo, katika nyanda za kati za Tanzania. Tungependa kuonyesha kwamba umaskini wa wazee wetu una tarehe. Haukuja na mvi. Uliletwa na mambo ambayo yaweza kutajwa kwa miaka yake. Na ikiwa ni hivyo, huduma ya kanisa kwa wazee haiwezi kuwa sadaka tu. Hatuna budi kuiona pia kama kulipa deni.

1. Mali ya mzee katika tembe

Ugogo ni nchi kavu. Mvua huja mara moja kwa mwaka, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na kiasi chake huwa milimita 500 hadi 600 hivi katika mwaka wa kawaida. Tena miaka isiyo ya kawaida ni mingi. Uwele na mtama ndiyo mazao yaliyozoea nchi hii. Njaa ilikuwa mgeni aliyejulikana, na watu walihesabu miaka kwa majina ya njaa zao.

Katika nchi ya namna hiyo akiba haikuwekwa ghalani peke yake, bali pia katika ng'ombe, na ng'ombe hawakuwekwa katika zizi moja. Peter Rigby, aliyeandika mwaka 1969 juu ya mifugo na undugu katika Ugogo, alionyesha jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana hata kushindwa kutenganishwa. Ng'ombe wa mahari waligawanywa kwa jamaa wengi. Wengine walikabidhiwa marafiki wa mbali, ambao waliwachunga na kunywa maziwa yao. Mvua ikikosekana upande mmoja, au ugonjwa ukiingia katika zizi moja, palikuwa na mazizi mengine. Mzee mwenye tembe kubwa alikuwa kama daftari lililo hai: alijua nani ana ng'ombe wake, nani alisaidiwa mwaka gani, na mlango upi ungefunguka siku ya shida.

Siku hiyo ilipofika, watu walikwenda kuhemea. Yafaa tulifafanue neno hili, kwa kuwa wengi wetu tumelisahau. Kuhemea ni kutoka kwenda kutafuta chakula mahali kilipo, kwa kubadilishana na mifugo, kwa kufanya kazi, au kwa kuwaendea jamaa na marafiki ambao nao walisaidiwa zamani. Aendaye kuhemea haombi kwa mtu asiyemjua. Anakwenda kudai haki iliyowekwa na wazee wake.

Hata hivyo tusiipake rangi historia. John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya historia ya maskini wa Afrika, anatofautisha maskini wa aina mbili. Wako walio maskini siku zote kwa sababu ya hali yao katika jamii, na wako wanaotumbukizwa katika umaskini na tukio kama ukame au vita. Katika Afrika ya zamani, ambako ardhi ilikuwa nyingi, maskini wa aina ya kwanza alikuwa hasa mtu asiye na nguvu za kufanya kazi wala jamaa wa kumfanyia: mjane asiye na mtoto, kilema, kipofu, mtu aliyekatwa na ukoo wake. Watu hawa walikuwako hata Ugogo. Mzee mwenye watoto na ng'ombe aliheshimiwa, lakini mzee asiye na hivyo aliweza kuteseka hata katika mwaka wa mavuno. Basi tusiseme kwamba zamani wazee wote walishiba. Twasema tu kwamba kwa wengi wao uzee ulikuwa umri wa kushika mali na ulinzi, wala haukuwa umri wa kuvipoteza.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Katika karne ya 19 Ugogo ilikuwa katikati ya njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita, na wenyeji waliwauzia wasafiri nafaka na maji. Wasafiri wa wakati ule, wamisionari wakiwamo, walinung'unika kwamba Wagogo wanadai mno.  Sifa ya kuwa ombaomba wa barabarani ilienea baadaye, na historia yatuonyesha ilikotoka.

2. Vita na Mtunya

Pigo la kwanza lilikuwa sotoka, ugonjwa uliowaua ng'ombe wengi sana wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Watu wa Ugogo walianza tena, kwa maana walikuwa na ujuzi wa kujenga upya mifugo kutoka wanyama wachache. Kisha Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba, iliyowekwa mwaka 1897, na reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910. Mambo hayo yalibana, lakini hayakuvunja.

Kilichovunja ni Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Kijerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kuwa wapagazi. Mwaka 1916 jeshi la upande wa Waingereza, likiongozwa na Jenerali van Deventer, liliteremka kutoka Kondoa na kuiteka Dodoma mwishoni mwa Julai. Nalo pia lilihitaji nyama, nafaka na mabega. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam limebaki kutukumbusha vikosi vile vya wapagazi. Majeshi mawili yalikula zizi moja na ghala moja, kisha yakapita.

Mvua ilipokosekana baada ya hapo, ilikuta nchi isiyo na akiba. Njaa iliyodumu tangu mwaka 1917 hadi 1920 wenyeji waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania na kunyang'anyana. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1990, anaeleza kwamba njaa hiyo iliua watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hilo, yaani mmoja katika kila watano. Homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima mwaka 1918 ilikuja juu ya miili iliyokwisha dhoofu.

Tulitafakari jina lile. Ukame wa zamani uliwafanya watu kutafutana, lakini huu uliwafanya kunyang'anyana. Njia ya kuhemea ilihitaji vitu viwili: miguu ya kwendea, na mtu mwenye kitu huko uendako. Vijana waliokuwa na miguu wengi wao walikuwa wamechukuliwa na majeshi, na wengine hawakurudi. Huko uendako nako majeshi yalikuwa yamepita. Lile daftari lililo hai, ambalo ndilo lililokuwa mali ya mzee, liligeuka kuwa orodha ya mazizi matupu. Alijua milango yote, wala hakuna uliokuwa na kitu nyuma yake.

Katika mwaka wa kwanza wa Mtunya, 1917, alizaliwa Ihumwa karibu na Dodoma mtoto aliyeitwa Mathias Mnyampala. Baadaye alikuwa mtumishi wa serikali, hakimu, na mmoja wa washairi wakuu wa Kiswahili. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Hatuna budi kukisoma tukijua umri wa mwandishi wake. Mtu wa kizazi kilichozaliwa wakati wa kunyang'anyana alijitahidi kukusanya kwa wazee yale yaliyosalia: asili za koo, habari za watemi, na desturi za watu. Kwa wazee wale, kumbukumbu ilikuwa akiba ambayo jeshi halikuweza kuichukua.

3. Fedha yapindua mpangilio

Baada ya mwaka 1920 watu walijenga tena mifugo yao. Lakini, kama Maddox anavyoonyesha, hawakurudi pale pale. Tangu hapo mwaka mbaya ulipokuja, familia ilitegemea zaidi mshahara wa kijana aliyekwenda kufanya kazi mbali, na chakula cha msaada cha serikali. Utawala wa Waingereza uliendelea kudai kodi kwa fedha taslimu. Mzee aliyekuwa na ng'ombe alimwuza mmoja, na mzee asiyekuwa naye alimtuma mwanawe kwenye mashamba ya mkonge.

Mwaka 1947 kazi ya mshahara ilifika Ugogo kwenyewe, Kongwa, pale serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa pori na maelfu ya vijana waliajiriwa. Ardhi ilikuwa ngumu na mvua ikawa ile ile ya Ugogo. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza. Kwa wazee wa Ugogo mradi ule ulithibitisha yale waliyoyajua juu ya nchi yao, ingawa haijulikani sana kama waliulizwa.

Badiliko la ndani lilikuwa kubwa kuliko lile lililoonekana kwa macho. Zamani kijana alimhitaji mzee, kwa sababu bila ng'ombe wa mzee asingeoa. Sasa kijana aliweza kurudi na fedha zake na kununua ng'ombe wake. Ni haki yake, wala hatumlaumu. Lakini tangu siku ile utegemezi uligeuka: mzee ndiye aliyemngojea kijana. Na kijana asiporudi, mzee alibaki na heshima isiyo na kitu cha kuitegemeza, kama Meka na nishani yake.

4. Vijiji na Makao Makuu

Katika mwaka 1971, baada ya ukame kuikumba tena nchi, mkoa wa Dodoma ulikuwa kati ya mikoa ya kwanza kuhamishiwa katika vijiji kwa operesheni. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kuishi na kufanya kazi pamoja na wananchi katika kijiji cha Chamwino. Twapaswa kuwa waadilifu: vijiji vilileta shule, zahanati na visima, na wazee wengi walitibiwa karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza. Lakini vilileta pia gharama ambazo vijana hawakuzihisi sana. Shamba lilikuwa mbali na miguu ya mzee. Malisho ya karibu yaliisha upesi. Makaburi na matembe ya zamani yaliachwa nyuma, na jirani mpya alikuwa mtu aliyepangwa na operesheni. Hakuwa mtu aliyekuwa na deni la ng'ombe tangu enzi ya baba.

Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba Makao Makuu ya serikali yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulikawia kutimizwa. Baada ya tangazo la mwaka 2016 serikali ilihama kwa kasi, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa mzima. Palipokuwa na mashamba ya uwele pamekuwa viwanja. Fidia hulipwa mara moja, nayo huliwa. Shamba lililokwenda halirudi msimu ujao.

Kuhusu pensheni, tangu Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi ulipoanzishwa mwaka 1964, na hata mifuko iliyoufuata, ulinzi wa uzeeni umefungamana na ajira. Mkulima na mfugaji wa Ugogo hakuwamo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, ikaahidi matibabu bila malipo kwa wasiojiweza. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wa umri huo walikuwa milioni 2.5 hivi katika taifa, sawa na asilimia 5.6. Zanzibar ilipiga hatua zaidi mwezi Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini wazo lililomo ni kubwa: kwamba mzee anadai, wala haombi.

5. Kanisa mbele ya mzee

Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Upande wa Singida, Leipzig walianza kazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waaugustana wa Marekani wakaipokea katika miaka ya 1920. Kiomboi palijengwa hospitali, na Iambi palikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma. Wale maskini wa aina ya kwanza, waliokatwa na ukoo wao, walipata mara nyingi mlango wa kwanza uliofunguka kwao katika vituo vya namna hiyo. Hiyo ni sehemu njema ya urithi wetu, wala hatupaswi kuidharau.

Urithi huo una mizizi katika Matengenezo yenyewe. Mwaka 1523 Luther aliuandikia dibaji utaratibu wa usharika wa Leisnig, ambao waumini wake walianzisha sanduku la pamoja. Kutoka humo walitunzwa wazee, yatima na wasiojiweza wa mahali pale. Jambo la kutazama ni kwamba sanduku lilikuwa na maandishi, wasimamizi na hesabu. Mzee wa Leisnig hakungoja mtu mwenye huruma apite njiani. Na katika Katekisimu Kubwa, akifafanua amri ya Nne, Luther anahesabu kuwatunza wazazi waliozeeka au walio maskini kuwa sehemu ya heshima yenyewe. Heshima isiyo na chakula haijawa heshima bado.

Yatupasa basi kujitazama. Kuna kundi moja la wazee ambalo linatuhusu kuliko yote: wainjilisti waliozeeka. Wengi wao walianzisha mitaa kwa miguu, wakahubiri chini ya mibuyu, wakafundisha kipaimara na kuzika wafu, kwa posho ndogo iliyokuja na isiyokuja. Miaka yao ya nguvu, ambayo jirani zao waliitumia kukuza mifugo, wao waliitoa kwa kanisa. Siku ya kuwaaga palikuwa na kwaya, pilau, na hati ya shukrani katika fremu. Hati ile hutundikwa ukutani. Ni vigumu kwa aliyesoma riwaya ya Oyono kuitazama bila kuikumbuka nishani ya Meka.

Wala si wainjilisti tu. Katika mnada wa baada ya ibada, mjane huleta kuku wake wa pekee, nasi humsifu kwa mfano wa mjane wa Marko 12:41–44. Lakini yafaa tuisome sura ile tangu aya ya 38. Mara tu kabla ya kumwonyesha mjane, Bwana Yesu anawashutumu waandishi kwa kuzila nyumba za wajane. Mwinjilisti Marko ameyaweka maneno hayo mawili ubavu kwa ubavu. Mhubiri anayemsifu mjane kwa kutoa vyote alivyokuwa navyo, bila kuuliza atakula nini jioni, ameisoma nusu ya habari.

Hitimisho

Katika miji yetu imezoeleka kuwafanyia mzaha ombaomba wazee kutoka Dodoma, na mzaha huo umesikika hata katika mabweni ya vyuo na mimbarani. Historia tuliyoipitia yatuzuia. Watu ambao mababu zao walitoza hongo misafara ya bara na pwani, waliogawana ng'ombe ili asiwepo wa kufa njaa peke yake, walinyang'anywa akiba yao na majeshi mawili katika vita ambayo haikuwa yao. Mzee anyoshaye mkono barabarani hufanya sehemu iliyosalia ya kuhemea: bado ana miguu ya kwenda, lakini mtu wa kumwendea hayupo tena.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa wachungaji na kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa kazi hiyo. Kwanza, kila usharika uwe na daftari la wazee wake, lenye kuonyesha nani anaishi na nani, nani hana mtu, na nani alilitumikia kanisa bila akiba. Pili, sanduku la diakonia liwe na fungu lililopangwa katika bajeti kwa ajili ya wazee hao, lisilotegemea mnada wa Jumapili moja. Wainjilisti waliostaafu wawe wa kwanza, kwa sababu hao kanisa linawadai shukrani yenye uzito kuliko karatasi. Tatu, wazee waulizwe habari zao na ziandikwe. Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa Dodoma, alijitwika kazi ya kuandika historia za koo za Ugogo, na kazi yake ikawa msingi wa kitabu alichokitoa pamoja na Maddox mwaka 2006. Mwanafunzi wa theolojia atumwaye likizoni usharikani aweza kufanya sehemu ndogo ya kazi kama hiyo kwa daftari moja na kalamu.

Na atakapoketi na mzee, asianze kwa kumwuliza anahitaji nini. Amwulize kwanza alikuwa na nini, na kilikwenda wapi. Kutokana na jibu hilo atajua kama amekuja kutoa msaada au kurudisha.